Chaja ya simu kwa laptopu, yaua betri?

SWALI: Assalam aleikum kaka. Mie naandika hesabu za chama chetu cha akina mama, juzi nilipanda basi kwenda Lamu, kufika huko nafungua begi, chaja ya laptopu nimeiwacha nyumbani! Nikachomeka ya simu, ile ya taipu C ya wati 18. Laptopu ikaniandikia chaja inachaji polepole lakini ikashika. Ajabu sasa, nikifanya kazi betri inashuka, ilikuwa asilimia 40 ikafika 31 na waya uko ndani, lakini nikiizima usiku asubuhi naikuta imejaa. Mume wangu asema nimeshaiua betri. Ni kweli? Na safari ijayo nibebe nini? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waalaikum salaam dadangu, pole kwa safari. Betri haijafa wala haijaumia, mwambie shemeji atulie.

Hizi chaja za taipu C na laptopu huwa zaongea kwanza kabla moto haujaingia sawasawa. Chaja inaanza na volti 5, kisha inataja volti zote ilizo nazo, na laptopu inachagua inayoiweza. Yako bila shaka ilitoa volti 9 kwa ampea 2, zidisha hapo upate 18, ndizo wati zako. Laptopu ikaona ni kidogo, ikakuonya, ikazipokea hivyo hivyo. Zipo laptopu nyingine zakataa kabisa mpaka zione volti 20, kwa hivyo hapo ulibahatika.

Sasa mbona ishuke? Fikiria tangi la maji hapo nyumbani, mfereji wa juu unatona na chini nyumba nzima wanateka, litajaa saa ngapi? Laptopu ya kawaida ukiandika tu hula kama wati 8 mpaka 15, ukiongeza mwangaza wa skrini, ukafungua video na kurasa chungu nzima za intaneti inapita 20 bila taabu, na hizo 18 za chaja zenyewe hazifiki zote, nyingine zapotea njiani zikiwa joto. Ukiizima hakuna anayeteka. Tazama chini ya laptopu au kwenye betri, pameandikwa namba inayofuatwa na Wh, yaani wati mara saa, ndicho kipimo cha moto unaoingia kwenye betri, nyingi ni 40 mpaka 60. Tuseme yako ni 45, gawanya kwa 18 ni saa mbili na nusu, ongeza ya kupotea uhesabu saa tatu au nne. Ndiyo maana asubuhi uliikuta imejaa. Kwa hivyo ukikwama tena, punguza mwangaza, funga usivyovitumia, na ukienda kuswali au kula izime kabisa ikiwa kwenye chaja, hiyo saa moja itakufaa kuliko saa tatu za kuchaji huku unafanya kazi.

Na kuchaji polepole hakuizeeshi betri, kinachoizeesha sana ni joto, na moto mdogo huleta joto dogo. Na joto letu la pwani walijua. Usiiweke juu ya godoro wakati inachaji, matundu ya hewa yanazibika, iweke mezani.

Mie chaja ndogo hainitishi, inayonitisha ni chaja feki na waya mbovu. Niliwahi kununua waya wa barabarani wa bei ya kutupa, usiku nikasikia harufu ya plastiki, kushika kichwa cha waya kimelainika kama ubani, na watoto wamelala chumba hicho hicho! Tangu siku hiyo chaja au waya ukichemka mpaka mkono haukai, nauchomoa na siurudishi tena. Nakuomba na wewe ufanye hivyo.

Jambo jingine linawapotosha watu wengi, chaja ya simu yaweza kuandikwa wati 33 au 67 kwa maandishi makubwa, ukiitia kwenye laptopu ikatoa 10 tu, kwa sababu ile kasi ni lugha yake na simu ya kampuni yake. Soma yale maandishi madogo ya mstari wa kutoa moto, ulioandikwa Output. Na ile yenye tundu la zamani pana la USB kwa laptopu usiitegemee.

Safari ijayo tafuta ya wati 65, kwenye maandishi iwe na volti 20 kwa ampea 3.25, na plagi yake iwe ya pini tatu kama soketi zetu, usianze kuhangaika na adapta zinazolegea. Waya nao utazame, wa kawaida mwisho wake ni ampea 3, yaani wati 60, unaopitisha zaidi una chipu ndani na huandikwa ampea 5 au wati 100. Ukikosa huo, wa kawaida bado utakufaa, itachaji taratibu kidogo tu. Chaja hiyo hiyo itachaji na simu yako, simu itachukua kiasi chake. Ijaribu hapo Kisauni jioni moja huku unafanya hesabu zako, ukiona asilimia zinapanda na kazi inaendelea, itie kwenye begi siku hiyo hiyo.