Maneno ya filamu hayasikiki ingawa spika zote zipo

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimefunga seti ya sinema ya nyumbani yenye risiva ya kuendeshea spika, spika tano na sabufa moja. Chumba kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, na kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Spika mbili za mbele ziko kwenye pembe za chumba, ya kati nimeiingiza ndani ya rafu chini ya runinga, na mbili za nyuma nimezitundika nyuma ya kochi, karibu na dari. Mazungumzo ya filamu hayasikiki vizuri mpaka niongeze sauti, na nikiongeza, milipuko inatikisa nyumba. Nikiwa nimekaa kwenye kochi besi inavuma, lakini nikisimama katikati ya chumba inapotea. Spika za nyuma nazo mara nyingi ziko kimya. Fundi amenishauri ninunue risiva yenye wati nyingi zaidi. Je, nimfuate?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, risiva uliyonayo inatosha, na fedha za kununua nyingine ni afadhali uzihifadhi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tuseme kutoka wati 50 hadi wati 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Isitoshe, wewe hujapungukiwa na sauti, kwa kuwa nyumba inayotikisika kwa milipuko haina upungufu huo. Ulichokosa ni uwiano kati ya spika na spika, na uwiano hupatikana kwa kuzipanga na kuzirekebisha, kwa kufuata mtiririko maalumu: kwanza hakikisha sauti ya chaneli sita (yaani njia moja ya sauti kwa kila spika, na moja ya sabufa) inaifikia risiva, kisha weka kila spika mahali pake, na mwisho kabisa ndipo uguse menyu. Wengi huanza na menyu, wakaishia kurekebisha kosa kwa kosa.

Spika za nyuma kukaa kimya kuna sababu tatu zinazowezekana. Ya kwanza, na ndiyo ninayoishuku zaidi, ni kwamba runinga inaipelekea risiva sauti ya chaneli mbili tu. Filamu ikiwa inaendelea, tazama kioo cha risiva au ukurasa wake wa taarifa: ukiona Dolby Digital au DTS, ambayo ni mifumo ya sauti ya chaneli nyingi, pamoja na alama ya 5.1 (spika tano na sabufa moja), uko salama. Ukiona PCM peke yake au 2.0 (chaneli mbili tu), nenda kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, utafute sauti ya dijitali inayotoka nje, uibadilishe kutoka PCM iwe Bitstream au Auto. Kama unatumia waya wa HDMI kurudisha sauti kutoka kwenye runinga, uchomeke kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC pande zote mbili, kwa maana matundu mengine ya HDMI hayairudishi sauti hiyo. Waya wa optiki nao unaweza kupitisha Dolby Digital na DTS za chaneli 5.1. Sababu ya pili ni kipindi chenyewe kurekodiwa kwa chaneli mbili, na hapo ni risiva inayopaswa kuisambaza sauti kwa kutumia Dolby Surround au mfumo unaofanana nao. Ya tatu si hitilafu hata kidogo: katika filamu nyingi spika hizo hubeba mvua, upepo, mwangwi wa ukumbi na gari linalopita, na hunyamaza kwa dakika kadhaa wahusika wanapozungumza. Anayetaka zisikike muda wote huishia kuzipandisha mno, akaharibu kilichotengenezwa kwa uangalifu.

Ili kuondoa shaka, washa mlio wa majaribio ulio ndani ya risiva, ambao huzunguka kutoka spika moja hadi nyingine. Kila spika inapaswa kulia kwa zamu yake, na mahali inapotajwa pawe ndipo sauti inapotokea. Wakati huohuo kagua waya. Upande mmoja wa waya wa spika huwa na mstari au mgongo mdogo unaoweza kuuhisi kwa kucha. Chagua upande huo uwe wa tundu jekundu kwenye risiva na kwenye spika, na usibadilishe uamuzi katika spika yoyote. Spika moja ikigeuzwa chanya kwa hasi, bado italia, ndiyo maana kosa hili hukaa miaka bila kugunduliwa, lakini besi itakuwa nyembamba na sauti ya mtu mmoja inayotoka katika spika mbili za mbele, badala ya kutulia katikati, itatawanyika isijulikane inatoka wapi. Menya kama sentimita 1 ya ncha ya waya, uzisokote nyuzi za shaba kwa pamoja, na uhakikishe hakuna hata uzi mmoja unaogusa tundu la jirani, kwa kuwa huo mmoja hutosha kuifanya risiva ijizime kwa kujilinda.

Sasa mpangilio wa chumba, ambao ndio kiini cha swali lako. Chumba cha urefu wa mita 5 hukuza sauti nzito ya karibu Hz 34 (mitetemo 34 kwa sekunde) kuliko sauti zilizo karibu nayo, kwa sababu nusu ya wimbi la sauti hiyo huenea sawasawa kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Mgandamizo wake huwa mkubwa penye kuta na mdogo katikati, kama maji ya beseni lililotikiswa yanavyopanda kandoni huku katikati yakibaki palepale. Uliyoyasikia wewe ni hayohayo: kochi liko ukutani, besi inavuma, unasimama katikati, inapotea. Hakuna kitufe kitakachoondoa hali hiyo. Sogeza kochi mbele hadi masikio yako yawe takriban mita 1.7 kutoka ukuta wa nyuma, yaani theluthi ya urefu wa chumba. Kama familia haitakubali kochi likae huko, hata nusu mita kutoka ukutani italeta nafuu. Katikati kabisa ya chumba usikae.

Spika za mbele ziondoe kwenye pembe za chumba. Pembe ya chumba huongeza besi kwa spika yoyote inayowekwa hapo, na besi hiyo ya ziada huyafunika maneno. Ziweke kama sentimita 40 mbele ya ukuta wa mbele, zikiachana kwa mita 3, na kila moja ibaki na nusu mita hadi ukuta wa pembeni. Ukiwa umekaa katika nafasi mpya, kila moja itakuwa kwenye digrii 27 hivi kutoka mstari wa mbele yako, na kipimo kinachokubalika ni kati ya 22 na 30.

Spika ya kati inastahili uangalifu kuliko zote, kwa sababu karibu mazungumzo yote ya filamu hupita humo. Ikizamishwa ndani ya rafu, uwazi wa rafu huitikia sauti yake, na ubao ulio mbele yake huirudisha sauti hiyo ikiwa imechelewa kidogo, hivyo herufi kama s, f na sh hupoteza makali na maneno husikika kama yanatoka ndani ya sanduku. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa rafu au uupite kidogo, kisha iinue kwa mbele kwa vipande vya mpira ili iyaelekee masikio badala ya magoti. Mara nyingi hatua hii peke yake humaliza nusu ya malalamiko.

Zile unazoziita spika za nyuma, katika mfumo wa 5.1, kwa kweli ni za ubavuni. Mahali pake ni kati ya digrii 90 na 110 kutoka mbele yako, yaani ubavuni au nyuma yako kidogo. Kwa chumba chako, zifunge kwenye kuta za pembeni, kama nusu mita nyuma ya usawa wa masikio, na juu yake kwa sentimita 60 hivi. Zikiwa karibu na dari, sauti iliyokusudiwa kukuzunguka itakudondokea kutoka juu.

Kwa sabufa, iweke kwa muda palepale unapokaa, rudia kipande cha muziki chenye besi nyingi, halafu utambae kando ya kuta ukiwa umeinamisha kichwa. Pale besi itakaposikika sawa bila kuvuma wala kukosekana, ndipo mahali pake. Watu wa nyumbani watacheka, waache wacheke.

Hapo ndipo ufungue menyu. Spika zote tano zichague kuwa ndogo (Small), uweke mpaka wa besi, ambao chini yake sauti hupelekwa kwenye sabufa, kwenye Hz 80, na kitufe cha mpaka kilichoko nyuma ya sabufa ukizungushe hadi mwisho wa juu, la sivyo besi itachujwa mara mbili. Pima kwa futi umbali kutoka masikioni hadi kila spika, uuandike kwenye menyu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 1 karibu zaidi hukutangulizia sauti kwa milisekunde 3 hivi, na risiva huichelewesha kwa kiasi hichohicho. Kama risiva ina maikrofoni ya kujipima, isimamishe kwenye usawa wa masikio badala ya kuilaza kochini. Ikikuambia sabufa iko mbali kuliko futi inavyosema, usiirekebishe, maana imehesabu pia ucheleweshaji wa saketi za sabufa yenyewe. Kiwango cha mlio wa majaribio kilingane kwa spika zote, kwa kawaida desibeli 75. Programu ya simu inatosha kwa kazi hii, kwani unachotafuta ni tofauti kati ya spika.

Baada ya hapo, kama maneno bado yamefifia, pandisha spika ya kati pekee kwa desibeli 2 au 3. Usiku, washa hali ya usiku, ambayo hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Ukitazama filamu mchana kwa utulivu, izime.