Maswali ya Wasomaji: Mizani ya Televisheni
SWALI: Mhariri, kila nitazamapo mashindano ya kupunguza uzito, najiona mvivu nisiyefaa. Je, nina kasoro?

JIBU: Huna kasoro, ndugu msomaji. Washiriki wa kipindi cha Marekani, The Biggest Loser, kilichoanza mwaka 2004, walifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, jambo ambalo mwenye kazi na familia halimudu. Na utafiti wa mwaka 2016, uliochunguza 14 kati yao miaka 6 baada ya shindano, ulionyesha kwamba wengi walinenepa tena, huku miili yao ikitumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mtazamaji huonyeshwa machozi mbele ya mizani, akafundishwa, kwa ukatili ninaoupinga waziwazi, kwamba unene ni udhaifu wa tabia. Acha kukitazama. Uzito ukikusumbua kiafya, mwone daktari atakayekusikiliza bila kukuaibisha.