Meza ya Bia: Beberu wa Norwe kwenye glasi

Safu iliyopita nilitaja chupa mbili nilizonunua hapa Norwe: bia ya Aass Bock ya Drammen, na dopelboki (bia nzito ya mtindo wa Kijerumani) yenye kilevi cha asilimia 8 kutoka kiwanda kidogo cha magharibi mwa nchi. Maswali yamemiminika. Haya hapa machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo anko. Hiyo dopelboki si ni Guinness tu yenye jina la Kijerumani? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Rangi imekudanganya. Guinness ni stauti, na weusi wake unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa hadi inakaribia kuungua, ndiyo maana inakuachia uchungu wa kahawa. Dopelboki ni laga. Kwa upande wa hamira ni ndugu wa damu wa Safari na Tusker: huchachuka kwenye ubaridi, kisha hulazwa wiki nyingi, mara nyingi miezi, karibu na nyuzi sifuri. Rangi yake ni ya kimea kilichokaushwa kwa moto wa wastani. Fikiria mkate uliobanikwa vizuri, si mkaa.

Asili yake ni Munich, kwa watawa wa Paulaner, ambao upishi wao wa bia unatajwa tangu 1634. Wakati wa Kwaresima walifunga chakula, lakini bia nzito iliruhusiwa, na wao waliihesabu kuwa mkate wa kunywa. (Mfungo wa namna hiyo wengi wetu tungeuanza hata kabla ya Jumatano ya Majivu.) Bia yao ikaitwa Salvator, na leo ina asilimia 7.9. Majirani waliiga hadi jina, na walipokatazwa kulitumia wakabaki na mkia wake: Celebrator, Optimator, Animator. Ukiona "-ator" kwenye chupa ya Kijerumani, karibu kila mara umekutana na dopelboki.

Kwa nini chupa hizi zina picha ya mbuzi? (Msomaji, Mombasa)

Boki, bia mama ya dopelboki, ilitoka mji wa Einbeck, kaskazini mwa Ujerumani. Watu wa Munich walilitamka jina hilo kwa lafudhi yao mpaka likawa kama "ein Bock", yaani beberu mmoja. Wachoraji wa lebo hawakuhitaji zaidi ya hapo. "Doppel" ni maradufu, kwa hiyo tunaye beberu maradufu, ingawa kilevi hakijazidishwa mara mbili. Na huyu beberu, kinyume na wale tuliosoma shuleni, hana koloni.

Nabishana na shemeji yangu hapa Oslo. Aass Bock ni dopelboki au siyo? (Msomaji, Oslo)

Shemeji yako yuko upande gani? Kama anasema siyo, mnunulie moja. Aass Bock ina asilimia 6.5. Mwongozo wa majaji wa bia wa BJCP, ambao mashindano mengi huufuata, unaitaka dopelboki iwe kati ya 7 na 10. Kwa hesabu hiyo Aass ni boki nyeusi ya kawaida, na Wanorwe wenyewe huiita bokkøl tu. Ila ukimpa mtu glasi bila kumwonyesha lebo, sitashangaa akikosea, maana imejaa kimea kuliko namba yake inavyoonyesha. Jina hutamkwa karibu na "Oos", herufi hizo mbili za a zikiwa tahajia ya zamani ya å. Kiwanda ni cha 1834, kikongwe kuliko vyote vilivyobaki Norwe.

Nimeinunua, nimeinywa, nimeona tamu tu. Nyie mnaipaje alama? (Msomaji, Nairobi)

Nitakuuliza kwanza: uliinywa ikiwa baridi kiasi gani? Kwetu baa swali ni moja, "baridi au ya moto?", na bia hii haitaki jibu lolote kati ya hayo. Ikitoka friji ikiwa barafu, ulimi unakufa ganzi, unabaki na utamu na gesi. Ikiwa ya moto kabisa, kilevi kinapanda puani. Itoe nusu saa kabla. Nyuzi 10 hivi zinatosha. Tumia glasi yenye tumbo, hata ya mvinyo, na usiijaze.

Natumia alama 50 za BJCP: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na picha nzima 10. Angalia mwonekano ulivyopewa kidogo. Watu husifia weusi dakika tatu nzima, kumbe wanagombania alama tatu. Hata hivyo inua glasi dirishani: kwa mbali ni nyeusi, pembeni inawaka wekundu wa juisi ya rozela iliyokolea. Povu liwe na rangi ya chai ya maziwa.

Harufu ichukue muda wako. Kwenye Aass nilipata ganda la boflo lililotoka tanuri, kisha sukari guru. Ubaridi ulipopungua kidogo zikaja tende na zabibu kavu. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, karibu hazipo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukinusa ndizi mbivu kwenye bia ya aina hii, ujue hamira ilichachushwa kwenye joto lililozidi. Kwenye bia nyingine ndizi ni sifa. Hapa ni kosa.

Ladha ndiyo penye utata wako, dada au kaka wa Nairobi. Kimea lazima kiwe kingi, lakini utamu usikae ulimini kama sharubati. Wapishi wa jadi huchota sehemu ya uji wa kimea, wanauchemsha pembeni, wanaurudisha sufuriani, na mchemsho huo ndio unaoleta ladha ya ukoko na karameli bila kuongeza sukari hata kijiko. Kwa hiyo usijiulize tu kama ni tamu. Meza, subiri pumzi mbili, uone kinachobaki. Kikibaki kitu kama mkate, mpishi amefaulu. Ikibaki sukari peke yake, punguza alama. Kilevi nacho kipashe kifua. Kikichoma koo kama gongo, kuna kasoro.

Aass niliipa 9, 3, 15, 4 na 7, jumla 38. Dopelboki ya magharibi, niliyoitarajia sana, iliishia 29. Ilikuwa na nguvu zote, lakini harufu ilikuwa ya boksi la karatasi lililolowana, dalili ya hewa na uzee. Siitaji jina kwa kuwa huenda kosa ni la aliyeihifadhi na si la aliyeipika. Wako watakaosema ya asilimia 8 haiwezi kushindwa na ya 6.5. Mimi kwa nguvu sitoi alama hata moja.

Nimezunguka maduka yote ya vyakula Bergen sijaiona. (Msomaji, Bergen)

Na hutaiona. Duka la vyakula Norwe mwisho wake ni asilimia 4.7. Juu ya hapo ni Vinmonopolet, maduka ya serikali yaliyoanza 1922. Nenda mapema, Jumapili yamefungwa. Usitegemee tangazo likujulishe kilichoingia, kwa sababu matangazo ya pombe nchini humo yamepigwa marufuku. Uliza wauzaji. Wengi wanaijua bia kuliko sisi waandishi.

Chupa ndogo ya asilimia 8 ni sawa na bia ngapi? (wasomaji kadhaa)

Mililita 330 kwa asilimia 8 ni mililita 26 za kilevi. Safari ya nusu lita yenye 5.5 ina 27.5. Kwa hiyo umekunywa Safari moja, ila kwa kikombe kidogo. Ya Kilimanjaro ya 4.5 ni 22.5. Hatari yake ni utamu, maana chupa ya pili inaita kabla ya ya kwanza haijafika kichwani. Ukiwa Norwe, gari liache nyumbani: kikomo cha dereva ni kilevi cha 0.2 kwa elfu kwenye damu.

Naweza kuipika nyumbani Bukoba? (Msomaji, Bukoba)

Kwa friji inayodhibitiwa vizuri miezi miwili, ndiyo. Bila hiyo utapata pombe kali yenye harufu ya ndizi, na Bukoba tayari mnayo rubisi, pombe ya ndizi, ambayo ina haki zaidi ya harufu hiyo. Lakini Norwe ina zawadi nyingine inayokufaa zaidi: kveik, hamira ya wakulima wa huko magharibi, Voss na jirani zake, inayofanya kazi safi kwenye nyuzi 35 na kumaliza kwa siku chache. Wakulima hao wana historia ndefu na jambo hili. Sheria ya kale ya Gulating, baraza la magharibi mwa Norwe, iliwalazimisha kupika bia ya Krismasi, na aliyekaidi miaka mitatu mfululizo alipoteza mali yake. Kimea cheusi na kveik havitakupa dopelboki. Vitakupa bia nyeusi ya kunyweka, na mimi ningeanzia hapo.

Inaliwa na nini? (Msomaji, Moshi)

Wanorwe huiweka mezani na mbavu za nguruwe za Krismasi. Mimi napenda kipande cha brunost, jibini lao la kahawia, kwani nalo ni karameli ya maziwa. Kwenu Moshi, mbuzi wa kuchoma aliyeungua kidogo pembeni. Chumvi na ndimu weka. Pilipili punguza, maana kilevi kinauongezea ukali, utamaliza chupa kwa kujizima moto badala ya kuionja.