Mshahara Mnono, Akiba Haba

SWALI: Nina miaka 25, nami ni mchambuzi wa mikopo katika benki moja jijini Dar es Salaam. Mshahara ni mzuri, lakini huisha kabla ya mwezi. Nianzie wapi?

JIBU: Agiza sehemu ya mshahara ihamishwe siku ile ile unapoingia, maana kinachobaki mkononi hutumika. Ukishakuwa na akiba ya dharura, fikiria hatifungani za Serikali (yaani, unaikopesha Serikali kwa riba) zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania, ambazo huanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Riba hiyo usiile, bali inunulie vipande vya UTT AMIS, yaani sehemu ndogo ndogo za mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mpaka itoshe hatifungani nyingine. Gari la mkopo (najua wenzako wanalo) lisubiri, na bonasi usiipangie matumizi kabla haijaingia.