Kilowati za pikipiki ya umeme: ipi ya kuaminiwa?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwendeshaji bodaboda hapa Kangemi na ninataka kuiacha Boxer yangu ya cc 150 nihamie umeme. Muuzaji wa kwanza ananiambia mota yake ni ya kilowati 5. Wa pili anasema yake ni ya kilowati 3 lakini ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya newtonimita (Nm) 120, ilhali karatasi ya Boxer inaonyesha Nm 12 hivi. Je, hiyo ya pili ina nguvu mara kumi ya yangu, na nichukue ipi kati ya hizo mbili?
Msomaji, Kangemi

JIBU: Haina nguvu mara kumi, ingawa huenda kweli ikaishinda hiyo ya kilowati 5. Kabla ya kutoa pesa, mwulize kila muuzaji kama kilowati anazozitaja ni za kilele au ni za mfululizo. Nguvu ya kilele ni ile ambayo mota hutoa kwa sekunde chache unapong'oa kwenye taa. Ikiendelezwa, nyaya zake za shaba hupata joto na kontrola, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye mota, huipunguza ili mota isiungue. Nguvu ya mfululizo ndiyo mota inayoweza kuitoa kwa muda mrefu bila kuchemka, na kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 85 huipima kwa dakika 30. Tofauti baina yake si ndogo: skuta ya BMW CE 04 ina kilowati 31 za kilele, lakini za mfululizo ni 15 tu, na kampuni yenyewe huzitaja zote mbili waziwazi. Wauzaji wetu wengi hutaja moja, na sihitaji kukwambia ni ipi. Mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma, inama ufute tope karibu na ekseli, maana mara nyingi volti na wati huchongwa pale, na nambari hizo zikitofautiana na za kwenye tangazo, mimi ningeamini za kwenye chuma.

Kisha utazame betri, kwa sababu mota haiwezi kutoa nguvu ambayo haikupewa. Zidisha volti kwa ampea ambazo betri na kontrola zinaruhusu: volti 72 kwa ampea 40 ni wati 2,880, na volti 60 kwa ampea hizo hizo ni wati 2,400. Mota ya kilowati 5 ikifungwa kwenye betri hiyo ya pili, kilowati nyingine zimebaki kwenye karatasi.

Tuchukue safari yako ya kawaida. Pikipiki, wewe na abiria mkiwa na kilo 260 kwa jumla, mkapanda mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kazi ya kupandisha uzito peke yake inakula takriban wati 1,700. Ukiongeza upepo na msuguano wa matairi unafika karibu wati 2,300 kwenye gurudumu, na kwa kuwa mota na kontrola hupoteza kiasi fulani kama joto, betri italazimika kutoa karibu 2,800. Ile ya volti 72 itapanda kwa kujikaza, ilhali ya volti 60 itapunguza mwendo na abiria ataanza kuuliza kama mafuta yameisha.

Kuhusu torki, nambari zako mbili zimepimwa mahali tofauti. Nm 12 za Boxer ni za kwenye injini, kabla ya gia na mnyororo kuzizidisha mara nyingi; katika gia ya kwanza gurudumu hupata mamia ya Nm. Nm 120 za mota iliyo ndani ya gurudumu hazizidishwi na chochote. Hata hivyo si haba, kwa kuwa mwinuko niliotaja unahitaji takriban Nm 80 kwenye gurudumu, mradi muuzaji akuhakikishie kwamba hizo 120 si za sekunde chache tu.

SWALI: Boxer ina nguvu farasi 12 hivi, nami nikipiga hesabu kilowati 3 ni nguvu farasi 4 tu. Mbona basi pikipiki za umeme hunitangulia kwenye taa?
Msomaji, Kangemi

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, kwani nguvu farasi moja ni wati 746. Lakini zile 12 hupatikana injini ikizunguka karibu mara 7,500 kwa dakika, na nani huifikisha hapo akitoka kwenye taa? Mota ya umeme huwa na torki yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kusogea, bila klachi na bila kubadilisha gia. Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba, na injini ya petroli yenye kabureta hupoteza hapa takriban asilimia 15 ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi, wakati mota haivuti hewa hata kidogo. Ila ukiwa Thika Road na abiria, ukitaka kilomita 80 kwa saa, Boxer itakuacha.