L.A. Noire: nunua, ila usiicheze kwa pupa

Mdogo wangu wa Chumbageni, umeuliza kama ununue gemu ya L.A. Noire, maana unapenda upelelezi ila wenzako wanasema inachosha. Nunua. Mimi niliimalizia Ngamiani kwenye kibanda cha gemu, na bado naipenda.

Utamu wake ni nyuso. Gemu ilitoka 2011, na waigizaji halisi walirekodiwa kwa kamera 32, kwa hiyo shahidi akidanganya unamwona: macho yanakimbia, anameza mate. Los Angeles ya 1947 nayo imejengwa kwa mapenzi.

Kinachoniuma ni mahojiano. Unachagua kumtilia mtu shaka kidogo tu, mara Phelps, mpelelezi unayemchezesha, anamfokea kama muuaji! Toleo la 2017 lilibadilisha majina ya machaguo, lakini bado utashtuka. Tena ukikosea maswali, kesi inasonga mbele hivyo hivyo.

Safari za mjini hazina mengi, mwachie mpelelezi mwenzako wa ndani ya gemu aendeshe gari. Kiswahili hamna, kwa hiyo washa maandishi ya mazungumzo na upitie daftari la ushahidi kabla ya kila swali. Cheza kesi moja kwa siku. Ukizibeba tano kwa mpigo, zote zitafanana.