Mikoko tunapanda, mikoko inakufa: tunakosea wapi?

SWALI: Assalamu alaykum mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira katika kijiji kimoja kusini mwa Ghuba ya Chwaka, Unguja. Mradi mmoja ulitupa fedha tupande mikoko kwenye tope lililo wazi mbele ya msitu, upande wa bahari. Tumeshapanda mara tatu. Mara ya kwanza miche ilishika, ikatoa majani, halafu ikajaa vitu vyeupe vikali kama chokaa iliyoganda, ikafa. Mara mbili zilizofuata kusi iliichukua yote. Wapo wanaolaumu kaa, wapo wanaolaumu kima punju wa msitu wa Jozani, na mwenyekiti anataka tununue mbolea. Nyuma ya msitu nako kuna uwanja mtupu, miti yake ilikatwa zamani kwa boriti na kuni, sasa ardhi ni nyeupe kwa chumvi. Tufanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Katibu. Mbolea msinunue. Kima nao waacheni: kweli wanakula majani ya mikoko, ukienda kijiji cha Pete utawaona juu ya matawi, lakini kima hana la kumshusha kwenye tope la nje. Kaa hutafuna mbegu na miche, na hilo ni kweli zaidi chini ya kivuli cha msitu kuliko huko mlikopanda.

Jibu lenyewe umeshaliandika mwenyewe, katika vile vitu vyeupe. Hao ni wanyama wadogo wa baharini wenye magamba, wale wale wanaoganda kwenye chombo kisichopandishwa pwani muda mrefu. Wanakula pale tu maji yanapowafunika. Wakijazana kwenye mche hadi kwenye majani, ujue mahali hapo panakaa chini ya maji saa nyingi mno kila siku. Wanauelemea mche na kuziba vitundu vyake vya kupumulia, lakini hata bila wao mche ungekufa, ungechelewa tu.

Tope la mikokoni halina hewa. Ndiyo maana mkoko wenyewe, ule mmoja kati ya aina za mikoko wenye jina hilo, umesimama juu ya mizizi kama magongo, na aina nyingine kama mlilana na mchu wanachomoza mizizi midogo juu ya tope. Vitundu vya mizizi hiyo huvuta hewa maji yanapokupwa. Mti mkubwa unaweza kuvumilia kufunikwa kwa sababu sehemu yake kubwa iko juu. Mche wa urefu wa kiwiko hauna pa kukimbilia. Kanuni tunayofanyia kazi ni kwamba mikoko huishi nusu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa, kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari kwenda juu. Chini ya hapo si pao.

Tena nikuulize: kila mwaka mikoko yenu inadondosha mbegu ngapi kwenye tope lile? Zile ndefu kama virungu, zinaanguka zimeshachipua, nyingine zinasimama wima zenyewe. Kama pangefaa, pangekuwa msitu kabla mradi haujafika. Kosa hili halikuanza Chwaka. Huko Ufilipino, mtaalamu wa mikoko Jurgenne Primavera na mwenzake waliandika mwaka 2008 kwamba baada ya upandaji wa miaka mingi na fedha nyingi, miche iliyobaki hai kwa muda mrefu ilikuwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: mkoko, kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuchomeka, ulichomekwa kwenye tope la chini ambako hauoti.

Na hilo tope mnaloliita wazi, waulizeni wanawake wanaookota chaza kama ni wazi. Mbele yake kuna majani ya bahari ambako samaki aina ya tasi hujilisha. Ukifanikiwa kupageuza msitu, umeharibu ardhioevu moja kutengeneza nyingine. Mimi binafsi singepanda hata mche mmoja pale.

Kazi yenu iko nyuma, kwenye chumvi.

Ghuba ya Chwaka haina mto wa maji baridi unaoingia. Mvua inazama kwenye mawe ya matumbawe, na maji hayo hutokeza taratibu chini kwa chini. Msitu wa Jozani wenyewe unaishi kwa maji hayo ya ardhini, na masika yakiwa mazuri hutuama mpaka unapita kwa kuvua viatu. Kwa hiyo kinachoosha chumvi mikokoni kwenu ni bahari yenyewe, na bahari haifiki kila mahali kila siku. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kiasi cha mita 3, ilhali maji mafu, yale madogo ya katikati, hayafiki mita 1. Ardhi ya juu nyuma ya msitu inaweza kukaa siku kadhaa bila kulowa. Miti ikiwepo, kivuli kinasaidia. Miti ikikatwa, jua linakausha, chumvi inabaki juu, na mbegu inayofika inaungua.

Kuna viwanja vya chumvi vya asili ambavyo havijawahi kuwa na miti, hivyo viacheni. Lakini nyinyi mnasema palikatwa. Basi tafuteni visiki, na mtazame ni vya mti gani. Kisha mtafute kilichozuia maji: njia ya gari la ng'ombe iliyoinuka, magogo yaliyoachwa, kijimkondo kilichojaa mchanga. Mara nyingi tatizo ni upana wa jembe moja tu. Mkondo ukifunguliwa, bamvua linaleta maji na mbegu pamoja. Mchu hutangulia, kwa sababu unajua kutoa chumvi kwa majani. Lamba jani lake asubuhi utaionja. Mkandaa, aina nyingine ya mikoko, nao ni mvumilivu. Ikipita misimu miwili ya mbegu na hakijaota kitu, hapo ndipo mpande, tena mchu na mkandaa, si mkoko.

Kabla ya kugusa jembe, pimeni. Chukueni vijiti virefu, mvipake chaki kutoka chini hadi juu, na mvichomeke mahali patatu: ndani ya msitu pale penye miche iliyoota yenyewe, kwenye tope mlilopanda, na kwenye uwanja wa chumvi. Bamvua likishapanda na kushuka, chaki itakuwa imeoshwa hadi maji yalipofika. Pimeni kwa futi kutoka ardhini. Penye miche ya asili ndipo kipimo chenu cha haki. Kwingine kote mnalinganisha na hapo. Mkitaka uhakika zaidi, fundi ujenzi yeyote ana mpira mwembamba wa maji wa kusawazisha msingi, mwombeni asubuhi moja.

Jambo la ruhusa msilifanyie mzaha. Eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na mwaka 2016 liliingizwa kwenye mtandao wa UNESCO wa hifadhi za binadamu na viumbe hai. Kuchimba hata mfereji wa upana wa jembe, ongeeni kwanza na maofisa wa misitu, waje waone vipimo vyenu. Mkiwa na namba mkononi mazungumzo huwa mafupi.

Mfadhili atataka kuhesabu miche, najua. Mwambieni mtamhesabia miche iliyoota yenyewe kando ya mkondo, kila baada ya miezi sita. Bamvua la kwanza ni siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama. Wekeni vijiti kabla yake, na mkinitumia vipimo vya mahali pote patatu nitawaambia mkondo uchimbwe kina gani.